Shauri la Utupu wa Punda

Punda Mzegazega alipofika kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kwatoni hakuwa na tai. Hakuwa na viatu, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, hakuwa na picha nne za rangi zenye mandhari ya buluu, wala barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Hakuwa na mwenyeji, hakuwa na cheo, hakuwa na kitambi. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu akikwama. Hakuwa na haraka. Zaidi ya yote hakuwa na adui hata mmoja, na hili ndilo lililowatia askari wa mpakani mashaka makubwa, kwa sababu fomu ya kuingilia ina mistari mitatu ya kuandika maadui, na tangu uhuru haijawahi kuachwa wazi.

Kwatoni ni nchi ya wanyama. Sijui iko upande gani wa ramani, na nimeambiwa kuuliza ni kosa. Zamani ilikaliwa na binadamu, ambao walihama wakaacha ofisi, mihuri, kabati za majalada na alama za foleni sakafuni. Wanyama walipovikuta vitu hivyo waliitisha kikao, wakaazimia kwamba viumbe walioacha mali nzuri namna ile lazima walikuwa na akili, na kwamba wao hawatakubali kubaki nyuma. Ikaundwa Wizara ya Ubinadamu. Kazi yake ni kuhakikisha kila mnyama anaishi kama mtu: anajilimbikizia asichoweza kula, anakasirika kwa maandishi, na anajifunza kusema "tutalishughulikia" akiwa na maana ya "nenda nyumbani."

Maendeleo yalikuwa makubwa. Twiga walifundishwa kuinama mbele ya wakubwa, jambo ambalo kwa twiga si zuri kiafya, lakini waliinama. Kobe walikabidhiwa Idara ya Dharura. Ikapitishwa pia Sheria ya Mavazi, inayomtaka kila raia avae angalau tai. Nyoka walisumbua kidogo, kwa kuwa haikujulikana shingo yao inaishia wapi. Kanga peke yake alisamehewa. Wanasheria wa Serikali walitoa maoni ya kurasa tisa kwamba kiumbe ambaye jina lake ni nguo hawezi kuhesabiwa kuwa uchi. Kiwanda pekee cha tai kilikuwa cha mke wa Waziri wa Ubinadamu, Mheshimiwa Ngiri, na nina hakika hiyo ni sadfa.

Punda alizaliwa huko huko Kwatoni, akachukuliwa na wafanyabiashara angali mdogo, akauzwa na kuuzwa tena mpaka akaangukia mikononi mwa mtawa mmoja wa Kibudha, mzee aliyevaa kitambaa kimoja cha rangi ya chungwa na kucheka peke yake njiani. Alimbebea mchele na vitabu miaka kumi na tisa, milima inapanda milima inashuka. Mtawa alikuwa akisoma kwa sauti, na punda, tofauti na wanafunzi wengi, alikuwa na masikio. Mzee alipohisi nguvu zimemwisha alimshusha punda mzigo, akamwambia, "Sasa nenda kwenu." Naye akaja.

Askari wakampeleka Wizarani, dirisha namba moja, kwa Bi Kanga. Huyu alikuwa Kaimu Karani Mkuu, na alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na moja. Akachovya kalamu.

"Umekuja kufanya nini Kwatoni, mzee wangu?"

"Kukaa."

"Unakaa wapi?"

"Chini."

Bi Kanga akaandika: *Mtaa: Chini.* "Unakaa na nani?"

"Peke yangu. Akija mwingine tunakaa wote."

"Utakaa kwa muda gani?"

"Mpaka miguu ife ganzi. Nainyoosha, halafu nakaa tena."

"Mzee, fomu hii haina sehemu ya ganzi."

"Basi iache wazi, mwanangu. Itakuwa sehemu nzuri kuliko zote."

Bi Kanga akaiacha wazi. Akampa kibali cha kukaa cha muda, mpaka Waziri atakapoamua. Kibali cha aina hiyo kina faida moja na hatari moja. Faida ni kwamba Waziri haamui upesi. Hatari ni kwamba akiamua vibaya, mgeni hurudishwa kwa binadamu, na kila mtu anajua binadamu wamegundua siku hizi kwamba ngozi ya punda ikichemshwa huzuia uzee. Kwa punda mwenyewe dawa hiyo ni kali zaidi, maana haonji uzee kabisa.

Punda akaenda kukaa kwenye kipilefti cha mji mkuu, chini ya nguzo ya taa ambayo haijawahi kuwaka. Siku ya kwanza magari yalimzunguka. Siku ya pili wenye magari walipunguza mwendo. Siku ya tatu Nyumbu mmoja, mtumishi wa Idara ya Takwimu, alivuka barabara na mkoba wake.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Ukimaliza?"

"Sijui. Sijawahi kumaliza."

"Unamngoja mkubwa gani?"

"Simngoji yeyote."

Nyumbu akacheka mpaka akapaliwa. Mtu kukaa bila kumngoja mkubwa! Akaenda kuwaita wenzake waje waone kichekesho, wakaja mia mbili, maana nyumbu hawajui kuja wachache. Walipofika wakakuta hakuna kichekesho ila punda na nguzo. Jua lilikuwa kali, wakakaa nao.

Sisemi kwamba walipata hekima. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile kila mchana watu walikuwa wakija kukaa kwenye kipilefti, na wengi walisahau kurudi ofisini, na hakuna ofisi iliyogundua tofauti.

Bi Kanga naye alipita siku moja saa ya chakula, na punje zake za mahindi kwenye karatasi.

"Mzee, mimi nimechoka. Miaka kumi na moja nakaimu. Kila Januari wananiambia Februari."

"Anayekaimu ni nani?"

"Mimi hapa."

"Na kabla hujaanza kukaimu, alikuwa nani?"

"Si mimi huyu huyu!"

"Na wakikupa hicho cheo, atakayekaa kwenye kiti?"

"Mzee na wewe! Mimi!"

"Basi wote wapo. Unamngoja nani tena?"

Bi Kanga akafyonza, akasema wazee wa siku hizi wana dharau. Lakini aliziona punje zake zina utamu, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alizionja badala ya kuzimeza tu.

Balaa lilianzia kwenye tai. Mchana mmoja wa joto yule Nyumbu wa Takwimu alikuwa akihema, tai imemkaba, jicho limemtoka. Punda akamwambia, "Hebu nipe." Akashika ncha kwa meno, akavuta uzi. Akavuta wa pili. Akaendelea kuvuta mpaka mbele yao kukawa na fungu la nyuzi kama kiota kibovu.

"Tai iko wapi?" Punda akauliza.

"Umeiharibu!"

"Sawa, nimeiharibu. Lakini imekwenda wapi? Uzi huu ndio tai?"

"Huo uzi tu."

"Huu je?"

"Nao uzi."

"Kilichokuwa kikikukaba ni nini, basi?"

Nyumbu akazitazama nyuzi, akajigusa shingo. "Kumbe nilikuwa nimekabwa na jina," akasema polepole.

"Hapo ndipo yule mzee wangu alipokuwa akicheka," Punda akasema. "Kila kitu ndivyo kilivyo. Ukikifumua huoni mwenyewe yumo wapi. Hilo linaitwa utupu. Mimi nina utupu, wewe una utupu, nguzo hii ina utupu."

"Na Serikali?"

"Serikali ina uzi mwingi," Punda akakiri. "Lakini ndiyo hivyo hivyo."

Mita sita kutoka hapo, nyuma ya pipa la taka, alikuwepo Nguchiro, Afisa Masikio wa Wizara. Jioni ile ile akawasilisha taarifa ya mstari mmoja: *Punda anafundisha utupu hadharani, anasema hata Serikali inao.*

Lazima nieleze jambo la lugha. Kwingineko neno utupu lina maana mbili: hali ya kuwa bila kitu ndani, na hali ya kuwa bila nguo mwilini. Kwatoni lina ya pili tu. Kamusi ya Taifa ni moja, inatunzwa Wizarani, na ukurasa wenye ile maana ya kwanza uliliwa na Mbuzi, Katibu wa Kamati ya Lugha, wakati kikao kilipochelewa kuletewa chai.

Mheshimiwa Ngiri aliposoma taarifa alishika meza. Katika wiki ile wanyama hamsini walikuwa wamevua tai, kiwanda kimelala, na sasa chanzo kimepatikana. Akaunda Tume ya Kuchunguza Utupu, akajiteua mwenyekiti, na siku ya Jumatano akafungua kikao kwa hotuba. Nimejitahidi kuipata kwa ukamilifu, lakini mwandishi wa kumbukumbu alisinzia baada ya saa ya kwanza, hivyo tunacho kipande hiki tu:

"Ndugu wananchi! Binadamu walituachia nini? Walituachia staha! Na staha ni nini? Staha ni kitambaa! Mnyama bila kitambaa ni nani? Ni mnyama! Sasa anatokea mtu, sijui katumwa na nani, anawaambia watoto wetu kwamba chini ya kitambaa kuna utupu! Nasema hapana! Chini ya kitambaa kuna kitambaa kingine!"

Makofi yalipigwa kwa ratiba. Punda akaletwa mbele.

"Wewe ndiye Punda Mzegazega?"

"Ndivyo wanavyoniita, mheshimiwa."

"Jibu swali. Ndiye au siye?"

"Hilo nimelitafuta miaka mingi."

"Andika, Bi Kanga: amekana jina. Unakubali kwamba umefundisha utupu?"

"Nakubali."

"Hadharani?"

"Kipilefti hakina mlango, mheshimiwa."

"Mbele ya watoto?"

"Watoto ndio wanaoelewa upesi. Wakubwa mpaka washikwe mkono."

Ukumbi ukaguna. Mama Sungura akaanza kumziba mwanawe masikio, kazi ambayo kwa sungura huchukua muda.

"Na ni kweli," Waziri akasema, sauti imeshuka, "kwamba umesema kila kiumbe ana utupu?"

"Kila kiumbe."

"Hata... viongozi?"

"Hata viongozi."

"Hata mimi?"

"Wewe mheshimiwa unao wa kutosha."

Waziri akashika mkanda wa suruali. "Umeuona lini utupu wangu?"

"Haukufichika. Anayekaa kimya huuona."

Mheshimiwa Ngiri akafunga kifungo cha koti. Akafunga na cha pili, ambacho hakikuwa kimefungwa tangu aapishwe. Kisha akaomba jalada kubwa kuliko yote akaliweka mapajani. Mwanasheria wa Wizara akanyanyuka haraka kuwakumbusha wajumbe kifungu cha nne cha Sheria ya Mavazi, kinachomkataza mtumishi wa umma kuangalia utupu, kuushika au kuukagua kwa namna yoyote, na adhabu yake ni kuvuliwa madaraka. Kwa vile mshitakiwa alikuwa amekiri anao, wajumbe wote wakageuza viti, wakampa mgongo. Kikao kiliendelea hivyo hadi mwisho, na hukumu ilisomwa kwa ukuta.

Kobe, mjumbe kutoka Idara ya Dharura, aliinua mkono kuuliza swali, lakini mkono ulipofika juu kikao kilikuwa kimefungwa.

"Andika amri," Waziri akamwambia Bi Kanga, akitembea mbele ya ukuta. "Andika neno kwa neno, na atakayeongeza hata nukta atanitambua. *Utupu huu usikae nchini baada ya saa sita mchana wa Ijumaa. Utiwe kwenye kifungashio cha Serikali, ufungwe, upigwe muhuri wangu mwenyewe, upelekwe kwa binadamu.* Hiyo ndiyo lugha, Bi Kanga. Nyie vijana mnaandika 'punda arudishwe.' Hakuna uzito! Hakuna maadili! Mimi siiti uovu kwa jina la mnyama, nauita kwa jina lake."

"Neno kwa neno, mheshimiwa," Bi Kanga akasema.

Punda akafungiwa kwenye chumba cha kuhifadhia fulana za uchaguzi. Alhamisi mchana Bi Kanga akaenda kumsomea amri, kama utaratibu unavyotaka. Alimkuta amekaa juu ya marobota, macho yamefumbwa, na miguu inagongana.

"Mzee. Mbona unatetemeka?"

"Naogopa."

"Wewe?" Bi Kanga akashangaa kwa dhati. "Mimi nilijua wewe umeshavuka huko."

"Hata mimi nilijua hivyo," Punda akasema. "Miaka yote nimekaa, nikadhani hofu imekwisha, imehama na vyombo vyake. Kumbe ilikuwa imetoka kidogo tu kunywa maji. Leo imerudi, imekaa hapa kwenye goti. Nimemwona binadamu akiwasha moto chini ya pipa, Bi Kanga. Nimesikia harufu yake. Sitaki kwenda."

"Na yale mafundisho?"

"Yapo. Ndiyo maana nimekaa nayo hii hofu badala ya kupiga mateke mlango. Lakini mimi ni punda tu, mwanangu. Usiniandike vingine."

Bi Kanga akafungua karatasi. Akasoma amri. Akaisoma mara ya pili. Mara ya tatu aliisoma kimya, kidole kikifuata maneno, kama makarani wanavyofanya wanapotafuta kosa la tahajia. Kidole kikasimama.

"Amesema utupu," akasema. "Hakusema punda."

Wakatazamana.

"Mzee, nikuulize. Utupu unaenea kwenye bahasha?"

Punda akafungua macho vizuri. "Unaenea popote."

"Bahasha ya ukubwa gani?"

"Hata ile ndogo."

Bi Kanga akakaa kwenye robota la fulana. Aliijua Kanuni ya Majalada kuliko walioitunga. Amri ikitekelezwa kama ilivyoandikwa na kupigwa muhuri, jalada hufungwa, mshitakiwa huachiwa siku ile ile, na hakuna amri inayotekelezwa mara mbili. Lakini ikiwa Waziri atafungua bahasha kabla ya muhuri na kuchungulia, basi saa sita Punda atakuwa njiani kuelekea kwenye pipa, na Bi Kanga atakuwa barabarani bila kazi.

"Usifanye," Punda akasema. Aliliona wazo usoni mwake. "Wakigundua watakufukuza."

"Watamfukuza nani?" Bi Kanga akasema, akikung'uta manyoya. "Mimi nakaimu tu."

Ijumaa saa tano asubuhi aliingia ofisini kwa Waziri na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na bahasha ya Serikali, mshumaa, na kipande cha lakiri nyekundu. Kwenye bahasha alikuwa ameandika kwa mwandiko wake bora: *Kwa Binadamu Wote, Popote Walipo.* Nguchiro, Afisa Masikio, alikuwa amesimama pembeni na daftari lake, kama anavyosimama kila mahali.

"Nini hiki?" akauliza Waziri.

"Utupu, mheshimiwa. Tayari kwa muhuri wako."

Waziri akarudisha kiti nyuma kwa kishindo. "Umo humo?"

"Umo wote."

"Wa punda?"

"Amri yako haikusema wa nani, nami sikuthubutu kuongeza nukta. Nimetia kama ulivyoagiza."

Mheshimiwa Ngiri akaitazama bahasha kwa jicho moja. Akaisukuma kwa rula. Ikateleza bila kusita mpaka ukingoni mwa meza.

"Mbona imelala hivi? Kama haina kitu."

"Ndivyo unavyokuwa ukikunjwa vizuri."

"Bi Kanga." Sauti ya Waziri ikawa ya chini, ya mnyama anayenusa shimo. "Wewe hunifanyii mchezo?"

"Mheshimiwa anaweza kukagua," Bi Kanga akasema. Alisimama wima, lakini moyo ulikuwa ukimdunda mpaka madoa yake yalionekana yakicheza. "Mdomo wa bahasha bado uko wazi."

Waziri akanyoosha ukucha. Akaufikisha kwenye mdomo wa bahasha. Akaanza kuuinua.

Nguchiro akafungua daftari. Akaandika tarehe. Akaandika saa. Akalamba ncha ya penseli, akamtazama Waziri kwa upole mkubwa, akingoja.

Ukucha ukasimama.

"Kwani wewe unaandika nini?" akauliza Waziri.

"Bado hakuna, mheshimiwa," akajibu Nguchiro. "Kazi tu. Kifungu cha nne."

"Mimi!" Waziri akaurudisha ukucha mfukoni. "Mimi niangalie utupu? Ofisini? Mchana kweupe? Bi Kanga, funga kitu hiki haraka, una wazimu wa kukiacha mbele yangu kikiwa wazi!"

Bi Kanga akalamba gundi, akakunja mdomo wa bahasha, akaubonyeza kutoka kushoto kwenda kulia. Akayeyusha lakiri kwenye mshumaa, ikadondoka matone manne, mekundu, mazito. Mheshimiwa Ngiri akauvua muhuri wa Taifa shingoni, akageuzia uso dirishani, akafumba macho ili iwe salama zaidi, akagonga. Mara ya kwanza aligonga meza. Mara ya pili aligonga tai yake mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha fulana, Punda alivisikia vishindo na hakujua vina maana gani. Akaendelea kukaa na goti lake. Mara ya tatu muhuri ukaangukia lakiri, ukazama, ukatoa sauti kama ya busu.

"Tayari?" Waziri akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Tayari. Jalada limefungwa, mheshimiwa. Weka sahihi hapa. Chini kidogo. Hapo hapo."

Akasaini bila kuona.

Bi Kanga akabeba bahasha kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni, mpaka uani alipokuwa akingoja Mbuni, tarishi wa nje ya nchi. Mbuni akaipokea, akaipima mguuni, akainua shingo yake yote.

"Mbona nyepesi hivi, Bi Kanga? Kuna nini humu?"

"Vitu vya binadamu."

"Watanisainia kweli? Wale hawapokei kitu bila kukifungua."

"Wafungue," Bi Kanga akasema. "Waambie watazame vizuri, wasifanye haraka."

Mbuni akaitia bahasha kwapani, akaangalia kushoto na kulia, akatoka mbio kuelekea mpakani.